Mbebaji Mpya wa Safiya

Kambini, Nairobi
8 Machi 1998

Kwa dada yangu Kalunde,

Salamu nyingi, nyingi kuliko magunia ya Mjomba Mulwa. U mzima? Mashine ya kusaga bado inakuziba masikio? Mimi sijambo, ila viganja vimechubuka.

Hapa tuko wasichana kumi na mmoja, na watakaokwenda Cairo kwenye mashindano ya sarakasi ni wanne tu, jozi mbili. Majina yatasomwa tarehe nne Aprili. Najua bado una hasira. Hata mimi niliumia siku ile ya mchujo, Kocha Gatimu aliposema kwamba mimi wa juu ananitaka lakini wabebaji wa chini anao wa kutosha. Nilishindwa kufungua mdomo mbele ya watu wale.

Nimepewa msichana wa Thika anayeitwa Mwihaki. Ana mabega mapana na anapenda kucheka. Tunalala chumba kimoja, na jana amenisuka.

Shida ni kwamba tunaanguka. Nikishasimama kwa mikono juu ya mikono yake, miguu angani, nakuwa sawa kidogo, halafu naporomoka. Kocha anatazama haoni kosa. Kwako wewe, miaka sita, sidhani kama nilianguka mara tano. Ulikuwa unafanya nini? Niambie, tafadhali.

Mdogo wako,
Safiya


Mitaboni
14 Machi 1998

Kwa mdogo wangu Safiya,

Nimeipata barua yako na nimeisomea juu ya gunia. Sisi huku wazima, mvua bado, Mjomba anakohoa vumbi la unga kama kawaida yake.

Nimefurahi kusikia umepata wa kukusuka. Mimi sikujua kusuka, nilijua kubeba tu. Tena nimefurahi mnalala chumba kimoja, maana mimi na wewe tulikuwa tukimaliza mazoezi unakwenda kwenu mjini na mimi natembea kurudi Mitaboni.

Unauliza nilikuwa nafanya nini. Nilikuwa nasimama, basi. Labda huyo mwenzako anacheka mno. Mtu akicheka mabega yanatikisika. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, mpe muda. Au mwambie ahesabu kwa Kikamba kama tulivyozoea: imwe, ili, itatu. Pengine mwili wako unaitaka hiyo.

Usinitajie tena mabega yake. Ninayo yangu.

Dada yako,
Kalunde


Kambini, Nairobi
22 Machi 1998

Kwa dada Kalunde,

Natumaini barua hii itakukuta na afya. Yangu si nzuri.

Tumehesabu kwa Kikamba. Mwihaki alijifunza usiku mmoja, kambi nzima ikamcheka, na yeye akacheka nao. Alhamisi nilianguka kutoka juu kabisa na uso ukagonga goti lake. Nimepoteza meno mawili ya mbele na mdomo umeshonwa nyuzi nne. Mwihaki alilia kuliko mimi.

Mama alikuja na buibui lake, akamkabili Kocha mbele ya watu wote. Akamwambia, "Nilimruhusu huyu mtoto kwa sababu ya Kalunde. Huyu wako mimi simjui." Alitaka nifunge sanduku twende naye. Nimemwomba mpaka tarehe nne. Kocha naye ameanza kumjaribu msichana mwingine, Njambi, juu ya mabega ya Mwihaki. Nisiposimama wiki ijayo, ni yeye atakayekwenda.

Kalunde, kuna kitu ulikuwa unafanya. Nakuuliza tena.

Mdogo wako,
Safiya


Kambini, Nairobi
27 Machi 1998

Kalunde,

Hujambo? Nimeuliza, posta ya Machakos haijafungwa. Zimebaki siku nane.

Safiya


Mitaboni
30 Machi 1998

Kwa Safiya,

Pole. Ningeanza na salamu, lakini salamu zitanipa mahali pa kujificha. Barua hii nampa Henry, anapeleka unga Nairobi kesho. Posta ni mbali na mimi sijiamini. Naweza kurudi nayo nyumbani.

Ukishafika juu unafumba macho, halafu unaegemea upande wa ule mkono uliovunjika ukiwa mtoto. Unafanya hivyo kila mara. Hujijui, na Kocha hawezi kukuona kwa sababu unaegemea kidogo sana, ni aliye chini tu anayesikia uzito ukihama. Mimi nilikuwa nautoa mguu wangu wa upande huo nje, nusu unyayo, kabla hujaegemea. Natangulia kukungoja pale. Mwambie Mwihaki afanye hivyo, mara tu miguu yako ikinyooka. Na wewe ufumbue macho.

Sasa lile jingine. Uliponiuliza mara ya kwanza nilijua jibu. Nimelijua miaka sita. Sikukuambia kwa sababu ungejirekebisha, na ukishajirekebisha mtu yeyote angeweza kukubeba. Nilitaka usiweze na mwingine. Nilipochujwa niliomba, Mungu anisamehe, uanguke na huyo wa Thika mpaka Gatimu aje hapa kwenye mashine kunitafuta. Sikuomba uumie. Lakini mtu akiomba mwenzake aanguke, anafikiri ataangukia wapi?

Wivu nilionao si wa Cairo. Cairo siijui. Namwonea wivu msichana anayekubeba.

Dada yako,
Kalunde


Kambini, Nairobi
5 Aprili 1998

Kalunde,

Natumaini u mzima. Henry alileta barua Jumanne. Mwihaki nilimsomea ile sehemu ya mguu na macho, basi. Jumatano tulisimama mpaka Kocha akahesabu ishirini. Alipiga makofi peke yake kama mwendawazimu. Jana majina yamesomwa, mimi na Mwihaki tumo. Njambi amerudi kwao.

Ile sehemu nyingine niliisoma bafuni, mlango nimeufunga. Meno haya hayataota tena. Nilikuamini hadi nikawa nafumba macho, na wewe ukayaacha yafumbwe.

Mama sijamwambia. Tunaondoka tarehe kumi na saba. Usiniandikie mpaka nirudi.

Safiya


Mitaboni
29 Aprili 1998

Kwa Safiya,

Najua ulinikataza. Naituma kambini, utaikuta ukishuka kwenye ndege. Natumaini umerudi mzima na mdomo umepona.

Mmekuwa wa tano! Gazeti lilifika sokoni Jumatatu. Uko juu, miguu imenyooka, macho wazi. Lakini picha wameikata. Chini yako imebaki mikono miwili tu, hakuna uso, na jina la Mwihaki hawakuliandika. Basi soko zima limenipigia kelele, "Kalunde, tumekuona Cairo!" wakati nimesimama hapa hapa napima mahindi. Walikuwa wananitania, nami nikacheka nao. Halafu wengine wakauliza kwa kweli, nami nikaendelea kupima, waamini wanavyotaka. Nitakuambia jinsi nilivyojisikia: vizuri. Nililala vizuri usiku ule.

Jana mama yako amekuja kutoka mjini na lile gazeti. Nilisimama kumwamkia, na kabla sijamaliza shikamoo akanishika mikono hii, imejaa unga, wateja wote wanatazama, akaibusu. Wa kulia, kisha wa kushoto. Akasema, "Mungu aibariki mikono iliyomshika mwanangu. Mimi nilijua, baada ya maneno niliyomwambia Kocha, hawatakuacha. Kumbe umetangulia kurudi!" Midomo yake ilibaki na unga.

Nilitaka kusema, Safiya. Nilifungua mdomo, nikajisikia nasema, "Asante, Mama." Nikamsindikiza mpaka barabarani, nikafungua tena, nikamwambia asalimie nyumbani.

Ukifika, mwambie ile ni mikono ya Mwihaki. Mwambie na lile la meno. Mimi nimejaribu mara mbili, na mara zote mbili nimelipenda lile busu zaidi.

Dada yako, ukikubali,
Kalunde