Shahidi Niliyemsingizia

Jumatatu, 2 Oktoba

Nimevaa suti kwenda ofisi ya pensheni. Suti! Kama naenda kuposa. Mwezi ujao natimiza sitini na saba, nikadhani watanipokea kwa mikono miwili.

Bi Katsarova wa dirisha la tatu akafungua faili langu, akaguna. Miaka ishirini na mmoja nimekula malipo ya ulemavu. Nikamwambia, mama, na hiyo ihesabiwe basi. Akasema hapana, baba, miaka hiyo ulikuwa unalipwa, hukuwa unafanya kazi. Nikasema kuumwa nako ni kazi, tena haina likizo. Hakucheka. Aliyekuwa nyuma yangu ndiye aliyecheka.

Ili nipate pensheni ya uzeeni lazima niwe na miaka kumi na mitano ya kazi yenyewe, yenye michango. Ninayo kumi na minne na miezi minne. Yote ya ghala la reli. Baadaye nilikuwa "mfanyabiashara" — kibanda cha kanda za video, michango sikulipa hata siku moja. Nilijiona mjanja kweli! Leo nimepungukiwa miezi minane, mjanja mimi.

Nisipoipata nabaki na malipo haya haya madogo. Na mke wangu Petkana anabaki na ngazi za shule. Ana sitini na sita, anapiga deki ghorofa nne kila asubuhi.

Jumatano, 4 Oktoba

Nimekumbuka! Mwaka sabini na nane, ushirika wa maseremala. Nilipiga randa miezi minane kamili kabla ya reli. Nikakimbilia ofisini — safari hii bila suti.

Majalada ya ushirika yaliingiwa na maji, hayapo. Lakini nina kitabu changu cha chama cha wafanyakazi chenye muhuri. Bi Katsarova akakigeuzageuza, akasema kitasaidia, ila niongeze mashahidi wawili waliofanya kazi nami pale.

Mzee Minko yuko tayari. Ana themanini na tatu, hasikii vizuri, ila kutia sahihi anaweza.

Wa pili aliyebaki hai ni mmoja tu. Valcho.

Basi. Nimezima taa, nikaiwasha tena. Siwezi hata kuliandika.

Ijumaa, 6 Oktoba

Haya, naliandika. Hakuna atakayesoma.

Mji mzima unajua kwamba Valcho alinivunja mgongo. Harusi ya binti yake, Milka: nimesimama juu ya kiti nacheza, chupa ya rakia, pombe kali, kichwani, Valcho akakivuta kwa hasira kwa kuwa nilimtania bibi harusi. Ndivyo nilivyosimulia hospitalini, nikiwa na bandeji mpaka kwapani.

Hakuvuta kitu. Hakuwa hata karibu, alikuwa anakata keki. Nilianguka mwenyewe. Nilikuwa nimelewa chakari, na nilitaka wanawake wa meza ya pili waniangalie. Waliniangalia kweli!

Nilidhani nitarekebisha baada ya wiki moja. Halafu watu wakaniletea supu. Wakanionea huruma. Aliyeangushwa huitwa maskini. Aliyedondoka na chupa kichwani huitwaje? Wakaacha kumwalika Valcho. Petkana akaacha kumsalimia hata mkewe, na mkewe akafariki bila kusalimiwa.

Petkana naye anaamini. Miaka yote hii.

Jumapili, 8 Oktoba

Nimekwenda kwa Valcho. Nilipita mbele ya geti mara tatu kama mwizi anayesoma ramani. Mara ya nne akanifungulia mwenyewe.

"Ingia, we Nedyalko, mbwa kachoka kukubwekea."

Alikuwa anachoma pilipili uani. Kazeeka. Nami pia, lakini yeye kazeeka akiwa wima. Nikamweleza habari ya ushirika, mihuri, maji kwenye majalada. Nilizunguka sana. Akageuza pilipili zote upande wa pili kabla hajajibu.

"Ulifanya kazi pale. Miezi minane. Uvivu wako naukumbuka vizuri. Nitasema, kwa sababu ni kweli."

Nikataka kumshukuru. Akanyanyua koleo.

"Ngoja. Jumamosi si siku ya jina la shemeji Petkana, sikukuu ya mtakatifu wake? Nyumba itajaa. Nitakuja. Mimi nitasema ukweli wako ofisini, wewe utasema wangu mezani kwako."

Nikamuuliza, na nisiposema? Akasema ofisini atakwenda vilevile, yeye si kama mimi.

Afadhali angenipiga na lile koleo.

Alhamisi, 12 Oktoba

Amekwenda kweli! Hakungoja Jumamosi. Yeye na mzee Minko wametia sahihi. Bi Katsarova kanipigia: faili linapelekwa mbele, dalili ni njema.

Petkana alikaa kwenye kochi na koti lake la kazi, akalia. Akasema Jumatatu atamwambia mkuu wa shule kwamba anaacha kazi. Akauliza shahidi wa pili nani. Nikasema jamaa mmoja wa zamani. Jamaa mmoja! Nimezaliwa mwoga, nakua vizuri.

Jumamosi, 14 Oktoba

Niko stoo na daftari hili, katikati ya mitungi ya achari. Nimewaambia naleta mvinyo. Dakika kumi sasa.

Wageni kumi na mmoja mezani. Nimefungua kinywa mara mbili. Mara ya kwanza nikasifu banitsa, mkate wake wa jibini, ya pili nikasifu hali ya hewa. Mvua inanyesha.

Kengele imelia. Sauti ya Valcho: heri ya siku ya jina lako, shemeji. Uma zinawekwa sahanini.

Petkana anamwambia mlango aliopitia bado uko palepale. Kwamba yeye amefua mashuka ya mtu asiyeweza kugeuka kitandani, kwa sababu ya mkono wa Valcho. Valcho hajajitetea. Mtu anamwambia aondoke. Nasikia viatu vyake vinageuka.

Sasa Petkana ananiita, halafu anawaambia: mwacheni atoke taratibu, maskini, asishtuke.

Nimeshasema. Kupitia mlangoni, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka: "Petkana, hakunigusa!"

Viatu vimesimama. Kitasa cha stoo kinazunguka, na si mimi ninayekizungusha —