Vidonge Nilivyobadilisha

Shemeji,

Huku hatujambo kwa mdomo tu. Dada yako, vidonge vya saratani ya titi vilimkaza vidole hadi mkasi ukamshinda, na cherehani ndiyo kazi yake. Nikamletea vidonge vya virutubisho vya kulainisha viungo vya mwili, akakataa: "Baba watoto, mimi nameza vya daktari tu."

Basi nikavitia kwenye kichupa cha hospitali, vinafanana mno, na vya daktari nikavitupa chooni. Vidole vikalainika, akawa anashona huku akinitania: "Umeona, mbishi wewe? Nimevizoea vya daktari!"

Jana daktari alikuta uvimbe kwapani. Dada yako ananituliza mimi, eti wakati mwingine dawa hushindwa tu.

Njoo Jumamosi. Nitamwambia mbele yako, maana atataka mkono wa kushika, na hautakuwa wangu.

Shemeji yako, ukiweza bado kuniita hivyo.