Shemeji Anabeba Msalaba, Mama Yake Namnyanyua Mimi

Mshauri mpendwa,

Nisaidie kabla Ijumaa Kuu haijafika, maana ikinikuta na hasira hizi nilizonazo nitafanya jambo ambalo Nachingwea nzima italizungumza. Mimi ni mwanamume mwenye mke na watoto, Mkristo wa kusali kila Jumapili, na nyumbani kwangu amelala mama mkwe, mama yake Lusia mke wangu, ambaye kiharusi kilimpata huko kwao Mandawa wakati wa kuokota korosho, upande mmoja wote ukafa, tukamleta kwetu ili awe karibu na hospitali, na tangu hapo hajasimama. Lusia naye alifanyiwa upasuaji wa tumbo, daktari akamkataza kunyanyua kitu kizito, kwa hiyo jirani yetu Mwamina, Mwislamu, Mungu ambariki, anakuja asubuhi kusaidiana naye kumwogesha mama, ila wa kumtoa kitandani, kumpeleka chooni, kumweka uani apate jua, ni mimi. Sasa mshauri, nilivyolelewa mimi, mkwe wako wa kike unampisha njia, humtazami usoni na chakula huli naye, leo namkumbatia na kumbeba kama mtoto, na kila nikimbeba anavuta kanga kwa ule mkono mzima anajifunika uso, mimi nageuza macho ukutani, tunakwenda hivyo hivyo bila kusemeshana mpaka chooni, na kurudi vilevile.

Mama huyu ana mtoto wa kiume. Anaitwa Saturnini, na naomba umtaje kwa jina lake, nataka asome. Ana duka la vifaa vya ujenzi hapahapa mjini, mifuko ya saruji anaibeba mwenyewe, lakini kwa mama yake anakuja Jumapili baada ya misa, anasimama mlangoni na viatu vyake, anasema, "Mama, tunakuombea," anaondoka. Na huyu ndiye kila mwaka anayebeba ule msalaba mkubwa wa mbao kwenye Njia ya Msalaba, kutoka kanisani kuzunguka mitaa mpaka kurudi, watu wanalia wakiona anavyoinama, wanasema Saturnini ana imani. Sijawahi kumwambia kitu, kwa sababu mtu mzima haambiwi kwamba mama yake anaumwa, macho anayo. Nilimweleza mwenyekiti wa jumuiya yetu, akanishika bega akasema, "Huo ndio msalaba wako, ndugu yangu, ubebe kwa uaminifu," halafu akaniuliza kama nitafika kwenye mazoezi ya kwaya.

Kilichonimaliza ni cha wiki iliyopita. Saturnini amemletea Lusia kipande cha godoro na kitambaa, anataka ashonewe ngata ya bega, kama ile wanayoweka kichwani wakibeba ndoo, ili msalaba usimchubue. Mama akasikia kutoka chumbani, akasema kwa ule ulimi wake mzito, "Lusia, mshonee vizuri, asije akaumia mwanangu." Mshauri, yeye mwenyewe nyonga imeanza kuchubuka kwa kulalia upande mmoja. Nilitoka nje nikakaa nyuma ya banda la kuku, nikalia kwa hasira.

Nimeamua hivi. Ijumaa Kuu maandamano yanapita mbele ya nyumba yangu, na pale kwenye kona wanasimama kusali kituo kimoja. Wakisimama tu, namtoa mama na mkeka wake, namlaza barabarani mbele ya Saturnini, paroko akiona na watu wote wakiona, namwambia, "Haya, weka mti chini, beba huyu." Lusia anasema nikifanya hivyo ndoa yetu imekwisha. Je, ni dhambi? Au ndiyo haki yenyewe?

Mkwe niliyechoka,
Nachingwea.

Mkwe uliyechoka,

Jina la shemeji yako nimelibadilisha. Si kwa kumhurumia yeye. Namhifadhia heshima mama, ambaye bado anamwonea fahari.

Hasira yako ni halali na mimi nimeshaipokea, ninayo hapa. Mwanamume anayeshonewa ngata na dada yake aliyepasuliwa tumbo, ili aigize mateso ya Bwana bila kuchubuka, huku aliyemzaa anachubuka chumba cha pili, huyo usiniambie ana imani. Ana mazoezi. Na huyo mwenyekiti wako hakukupa neno la Mungu, alikuwa anakuaga. Tumeizoea mno lugha hiyo makanisani. Mtu akija analia tunamwambia ni msalaba wake, tunakwenda zetu kwaya tukiwa na roho nyeupe. Bwana mwenyewe alipoelemewa njiani, Simoni aliyekuwa akitoka shamba alishikishwa ule mti, na Bwana hakumwambia aache, huu ni wangu peke yangu. Anayekutaka ubebe peke yako anakutaka umzidi Yesu. Mwamina, ambaye kwenye jumuiya yenu hayumo, amelielewa hilo bila kuhubiriwa.

Sasa nakugeukia wewe, na usinune. Umeandika kwa mkono wako kwamba hujawahi kumwambia. Muda wote huo umeuchuna, unasubiri aone mwenyewe, na kila Jumapili asipoona unajiongezea kuni. Halafu unajiita mwaminifu. Mzigo unaobebwa kwa uaminifu unasemwa wazi, ni mzito, njoo ushike huku. Wewe umebeba kwa mikono na kuhesabu makosa kwa moyo, ndiyo maana umechoka mara mbili.

Na hilo la barabarani lifute kabisa. Mwanamke anayejifunika uso mbele ya mtu mmoja, tena aliyegeukia ukutani, unataka kumlaza mbele ya mji mzima? Hapo humbebi mama tena, unabeba bango. Shemeji yako anautumia msalaba kujionyesha, nawe ungemtumia mama yake kumkomoa, na aibu yote ingemwangukia yeye asiyeweza hata kunyanyuka akaondoka. Umeuliza kama ni dhambi. Ndiyo, ni dhambi, na Lusia ana haki ya kukutisha.

Nenda dukani kwake leo, usingoje Pasaka. Usipige simu, usimtume mkeo. Mwambie, "Shemeji, mama ananionea haya. Mikono anayoihitaji ni ya mwanawe. Asubuhi kabla hujafungua duka na jioni ukishafunga, njoo umnyanyue." Akisema atamtuma mkewe, mwambie mkewe hakuzaliwa na huyo mama. Akisema ataajiri mtu, mwambie huyo mtu atakuwa wa kufua, wa kunyanyua ni yeye. Akikataa kabisa, nendeni wote wawili kwa paroko, akaseme mwenyewe kwamba mti anauweza ila mama hamuwezi. Nani abebe msalaba mwaka huu ataamua paroko, wewe hayakuhusu.

Mpaka atakapokuja, wewe endelea. Sikuambii utue, huyo ni mama yako pia na unachokifanya ni kikubwa. Ila acha kumbeba kimyakimya kama gunia la ufuta. Mwamina au Lusia amfunge kanga vizuri kwanza, kisha umwambie, "Mama, ni mimi, nakunyanyua sasa," umsemeshe njia nzima, hata kama ni habari za kuku. Ijumaa Kuu muulize kama anataka kumwona mwanawe akipita. Akitaka, mvalisheni gauni lake la kanisani, akae kitini mlangoni kwa heshima zake. Asipotaka, funga mlango ubaki naye, Mungu atakuona hukohuko ndani.

Imebaki ngata. Lusia aishone, na aishone vizuri kama alivyoagizwa na mama. Akishamaliza, iwekeni chini ya ile nyonga inayochubuka. Shemeji akija kuiulizia, mwambieni iko tayari, avue viatu, aingie chumbani aichukue mwenyewe. Ataipata akimnyanyua mama yake.