Jumbe Ameondoka, Mama

Mama yangu,

Jumbe ameondoka. Nimeona nianze na hilo, maana ungenikatiza salamu uniulize, "Haya, na yule je?" Ameondoka, Mama. Jumanne asubuhi, juu ya lori la mahindi, na Ufipa harudi tena.

Siku ya tatu baada ya kukuzika, waombolezaji wakiwa bado uani, tarishi wake alikuja. Hakusema pole. Alisema nyumba yetu imepungua mtu mmoja kwenye shamba la Jumbe, kwa hiyo mimi niende nishike nafasi yako. Baba alinyamaza. Unamjua Baba. Mimi niliikumbuka siku ile ya mvua, unakohoa mpaka unashika mbavu, wakakutoa ndani ukampalilie ulezi wake, nawe ukamwambia mbele ya watu, "Leo silimi. Na mimi nina shamba langu." Akakupigisha magoti kwenye tope hadi jua likazama. Miaka kumi na minne alitutawala, hakuna mwingine aliyewahi kumjibu hivyo.

Basi nikamwambia tarishi, "Kamwambie siji."

Kesho yake jirani yetu Mama Fransiska naye hakwenda. Wiki haikuisha, shambani kwa Jumbe walibaki ndugu zake tu. Tuliposikia anataka kumfunga Mama Fransiska, tukamtangulia kwenda bomani. Wanawake peke yetu, Mama, na watoto mgongoni. Tulipopita Milanzi wengine waliacha kutwanga wakatufuata. Tulipofika Sumbawanga tukakaa chini mbele ya boma, tukakataa kuondoka.

Mkalimani akatoka. "Bwana DC anasema rudini nyumbani, waje waume zenu."

Nikasimama. Nikamjibu kwa Kiswahili, maana Bwana DC anakielewa, tena kwa sauti, ili asipate nafasi ya kugeuza maneno: "Waume zetu wamenyamaza miaka yote. Leo atatusikia sisi." Sijui sauti ile niliitoa wapi. Au najua.

Tulikaa siku mbili. Bi Zuhura, yule mwenye duka uliyekuwa unampelekea maharage, alitupikia uji sufuria nzima. Alipojua mimi ni mwanao akalia, akanifunika kanga yake.

Mwishowe Bwana DC akaja kijijini kuitisha baraza. Usidhani alituonea huruma, maana ni yeye aliyemweka Jumbe. Aliogopa tu vijiji vingine visituige. Akasema anayemtaka Jumbe aendelee, asimame. Hakusimama mtu. Hata tarishi alichutama, macho chini. Mara nikaona mtu anainuka nyuma. Baba! Mama, nilitamani ardhi inimeze. Mkalimani akamuuliza kama anamtaka. Baba akasema, "Nimesimama ili anione vizuri. Simtaki. Alimtesa mke wangu nami nikanyamaza." Kisha akakaa, akajifunika uso kwa kofia yake. Hatujalizungumza hilo nyumbani, lakini tangu siku ile analala vizuri na anakula.

Ikaamriwa Jumbe apelekwe Tabora, akakae huko. Siku ya kuondoka nilikwenda nimeyapanga matusi yangu yote, maana niliyatunza muda mrefu. Nikamkuta juu ya magunia, amekumbatia kigoda chake. Watoto kwa mazoea wakamwamkia, "Shikamoo, Jumbe," wala hakuitikia. Akaniangalia. "Wewe binti wa nani?"

Hakunijua. Nikalitaja jina lako lote, polepole: Kristina binti Paulo. Akafikiri, akatikisa kichwa. Hata wewe hakukukumbuka! Hapo matusi yaliniishia mdomoni. Nikaona mzee tu anayeogopa safari. Mkewe alikuwa anahangaika kupanda na mtungi mkononi, nikampokea, nikampa alipokwisha kukaa. Akasema ahsante. Usinikasirikie, Mama. Lori lilipoondoka watu walipiga vigelegele, na mimi nilipiga, tena vya nguvu.

Jumbe wa sasa tumemchagua wenyewe. Ni seremala, mtu mpole, anacheka na kila mtu. Lakini juzi nimeona watu wameanza kumpelekea kuku, naye anapokea bila hata kuinuka. Nikamwambia pale pale, mchana, wenzake wakisikia, "Baba, unapopewa kitu, inuka." Akacheka, kisha akainuka.

Pumzika sasa. Ulezi wetu mwaka huu umestawi, na tumeupalilia kwa wakati kwa sababu siku zote za juma ni zetu. Kwaheri, Mama. Nakuahidi jambo moja: huyu mpya nitamtazama kila siku. Akikosea kidogo, nitamwambia kosa likiwa bado dogo. Sitamsubiri azoee.

Mwanao,
Skola