Oili Nyeupe

Nchelenge, Jumamosi tarehe 12

Yaya Déo, kaka yangu mpendwa,

Nilikuahidi kukueleza yote. Tulipokuwa tunavuka ziwa kwa boti ya Papa kwenda Kilwa, upande wa Kongo, kumchukua Mama, kipande cha chandarua cha wavuvi kiliziba bomba linalovuta maji ya kupoza mashine, mashine ikachemka. Papa, kwa hofu, akaimwagia maji baridi ya ziwa. Ikalia ta! Tulirudi kwa kasia.

Leo fundi amechomoa kijiti cha kupimia oili, kikatoka cheupe. Akamuuliza Papa:

“Papa, hii ni oili ao chai ya maziwa? Kichwa cha mashine kimepasuka, maji yameingia kwenye oili.”

Papa hakucheka. Nilifuta kijiti mara tatu, nikitumaini kitatoka cheusi.

Mama angali ng’ambo, amekaa juu ya mizigo yake. Mungu akutunze huko kambini Mantapala. Yaya, wewe uliyejifunza mashine, kichwa kilichopasuka kinaweza kuchomelewa kikapona?

Mdogo wako, Furaha