Nguo ya ndoa ya Ngalula

Mujukuu wangu Kapinga,

Jambo sana. Hapa Kolwezi tuko bazima, na baba yako amepona mugongo. Umeniuliza sababu gani mudogo wangu Ngalula aliolewa akivaa kikwembe tu, kitambaa ya kujifunga ya kila siku, na mi nilikuwa mushonaji.

Nguo nilimushonea. Satini nyeupe, mikono mirefu. Ilibakia upindo, siku batu balitufukuza ku nyumba, bakisema twende kwetu Kasai. Kwetu gani? Bazazi ndio balitoka kule; sisi tulizaliwa hapa wote, na ni hapa tulirudia kisha miaka. Tulilala ku gare majuma mingi, tukingojea treni. Mashini niliiacha, nguo na makasi nikabeba.

Pale ku gare, Tshala, muke wa kaka yetu, alizaa mutoto mwanaume. Siku ya ine mutoto akakufa. Hatukukuwa na kitambaa safi ya kumufunga tumuzike. Mi nilikuwa na ile nguo ku magoti.

Ngalula akaniambia, mi dada yake mukubwa: «Yaya, kata.»

«Ni ya ndoa yako.»

«Mi nitaolewa na kikwembe. Huyu hana siku ingine. Kata.»

Nikakata. Tshala hakulia. Alisema tu: «Mufunge vizuri, asisikie baridi.»

Batu banasifu Ngalula kwa ile siku, na ni haki yake. Mi ninakumbuka kwamba makasi ilikuwa mukononi mwangu, na niliinamisha macho, nikingoja mwenye nguo aseme.

Ukija, tutaenda kumusalimia. Usimuulize juu ya nguo. Atakuambia amesahau.

Nkambo yako mwenye kukupenda