Unaita Mmoja, Wanaitika Wawili

Kalemie

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima. Goti lako linaendeleaje na baridi ya asubuhi huko Moba? Mimi mwili ni mzima, ila moyo umekaa vibaya. Ninaandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kwa huruma kabla sijafika mwisho.

Dada Riziki ameniambia kwamba ndagala za chama chenu zimeoza, na kwamba wamama walikufuata mpaka mlangoni kukuuliza. Wewe nilipokupigia ulisema tu, "Niliwaambia njo mimi nilisikia mubaya. We endelea na kazi yako, mutoto wangu." Mama, hukusikia vibaya. Ulisikia nilichosema.

Hapa kwenye mradi tulitaka kujua ni nini kinachokausha ndagala vizuri wakati wa mvua: chumvi, chanja badala ya mchanga, au kuzifunika na chandarua. Kuchanganya hayo matatu kwa kila namna kunataka marundo manane. Samaki walikuwa wachache, nikafanya manne. Inaruhusiwa, chuoni tulifundishwa hivyo, lakini ina bei yake. Nilifunika rundo la chumvi lililokuwa juu ya chanja, na lile lisilo na chumvi lililokuwa mchangani. Mawili mengine, lenye chumvi mchangani na lisilo na chumvi chanjani, niliyaacha wazi. Yaliyofunikwa yakatoka mazuri. Nikafurahi kama mjinga, nikakupigia kwamba ni chandarua, na chanja haina haja.

Lakini huenda chandarua hakikufanya kitu. Huenda ni chumvi tu inayopatana na chanja, kwa kuwa maji yanayotolewa na chumvi yanadondoka chini, wakati mchangani yanabaki yakilowesha samaki; na wasio na chumvi, wenye maji machache, huenda mchanga unawanyonya vizuri kuliko chanja. Katika marundo yangu manne mambo hayo mawili yalitembea pamoja kila mara, na hakuna jicho la kuyatenganisha. Mkuu wetu wa kazi, Papa Ilunga, alipoyaangalia alisema, "Hii chandarua iko na somo yake, wana jina moja. Unaita mumoja, wanaitika wawili. Uliambia mama yako hivyo?"

Sikukuambia, na wakati nakupigia nilikuwa najua. Hilo ndilo linaloniumiza. Ulikuwa umeweka simu kwa sauti kubwa, nikamsikia mmoja wa wamama akisema, "Mutoto wa Mama Faida alisoma kweli." Nikaona haya kusema sina hakika. Kwa sifa hiyo ndogo, fito mlizokata za kujengea chanja ziligeuka kuni. Ndagala za chumvi mkazitandaza mchangani chini ya chandarua, namna ambayo mimi sikuijaribu hata mara moja. Minerval ya shule ya watoto wao ilikuwa ndani ya samaki wale. Nikikumbuka, chakula kinanishinda.

Sasa ninakausha yale marundo manne niliyoyaruka. Papa Ilunga amenipa ruhusa. Nikimaliza napanda boti nije, matokeo yawe ya kuniheshimisha au ya kuniaibisha zaidi.

Nisalimie mjomba Kabwe, fundi wetu wa mashine za boti, na bibi mzaa baba, umwambie dawa yake ya macho nimeipata. Riziki naye msalimie, na usimkasirikie kwa kunifikishia habari. Alifanya lililokuwa kazi yangu.

Nikifika uwaite wamama wote. Nitasema mwenyewe nilichojua na nilichoficha, na atakayetaka kunitukana anitukane. Nakujua, utataka kuja kusimama karibu yangu. Usije, Mama. Kaa upande wao, kwa maana na wewe ni mmoja wa watu niliowadanganya.

Mwanao, ninayeona haya kuandika jina ulilonipa,

Faida